Sinia au kibanda? Jinsi ya kufurahia vyakula na mila za sherehe za Lamu

MGENI anayeshuka katika gati la Lamu wakati wa sherehe hupokelewa na harufu kabla ya kupokelewa na mtu. Ni harufu ya vitunguu vinavyokaangwa hadi vigeuke rangi, ya iliki na mdalasini, ya udi unaofukizwa majumbani na, kwa kuwa huu ni mji wa punda, ya punda pia.

Wengi huifuata harufu hiyo wakidhani kwamba chakula chote cha sherehe ni cha namna moja. Hutoa pesa pale ambapo pesa hazitakiwi, na kungoja kukaribishwa pale ambapo hakuna wa kuwakaribisha. Kisha hurudi Mombasa au Nairobi wakisimulia kwamba pilau ya Lamu ni tamu, ilhali hawajui waliila ya nani.

Ukweli ni kwamba mji huu una sherehe kubwa za aina mbili. Kuna ile ambayo wenyeji huifanya kwa ajili yao wenyewe, na chakula chake hutolewa. Kuna nyingine iliyobuniwa ili wageni waje, na chakula chake huuzwa. Zote mbili zina raha zake, lakini adabu ya moja si adabu ya nyingine.

Ya kwanza ni Maulidi, kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Mtume Muhammad. Huadhimishwa katika mwezi wa Rabiul-Awwal, ambao Waswahili huuita Mfungo Sita kwa sababu huihesabu miezi yao kuanzia ule unaofuata Ramadhani.

Miji mingi ya pwani husoma Maulidi siku ya kumi na mbili ya mwezi huo au karibu yake. Kilele cha Maulidi ya Lamu kwa desturi hungoja hadi wiki ya mwisho. Hivyo basi, aliyekwisha kuyasoma kwao Malindi, Mombasa, Tanga, Unguja au Ngazija hupata nafasi ya kusafiri na kuyasoma tena Lamu pamoja na maelfu ya wenzake.

Sifa hiyo ya Lamu inatokana kwa kiasi kikubwa na mtu mmoja. Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamal al-Layl, alitoka Ngazija akahamia Lamu katika karne ya 19. Aliukuta mji ambamo nasaba ndiyo iliyoamua nani aingie nyumba ya nani, nani amwoe nani na nani asomeshwe nini.

Yeye aliwasomesha watumwa na watu waliodharauliwa kwa asili yao, na akakubali matari yapigwe katika usomaji wa Maulidi. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakupendezwa na mambo hayo. Hata hivyo, Msikiti wa Riyadha aliouasisi mtaani Langoni ulikuja kuwa kituo cha elimu kinachojulikana kote Afrika Mashariki, na hadi leo ndio kitovu cha Maulidi ya Lamu. Yanayosomwa hapo ni Maulidi yaliyotungwa na Ali al-Habshi wa Seiyun, nchini Yemen, aliyefariki mwaka 1915.

Huenda msomaji akauliza historia hii inahusiana vipi na chakula. Inahusiana sana. Chakula cha Maulidi huletwa katika sinia, na sinia moja huzungukwa na watu wanne, watano au hata sita wanaokula kwa mikono kutoka chombo kimoja. Hakuna meza kuu wala kadi ya mwaliko. Aliyeketi karibu nawe huenda akawa sharifu aliyetoka ng'ambo, mchukuzi wa mizigo gatini au mwanafunzi wa madrasa aliyesafiri siku mbili kwa basi.

Katika mji uliowagawa watu kwa nasaba zao, kuketi namna hiyo kulikuwa tamko. Kwa maoni ya mwandishi huyu, bado ni tamko, na ndiyo maana pilau ile ile ikitiwa katika sahani ya mtu mmoja na kulipiwa huwa ni chakula kingine kabisa, hata kama mpishi hakubadilika.

Mapishi yake si siri, ila yanataka subira. Nyama huchemshwa kwanza na supu yake kuwekwa kando. Vitunguu hukaangwa kwa mafuta au samli hadi viwe rangi ya kahawia iliyokolea, kwani hapo ndipo rangi ya pilau inapotoka. Anayeharakisha hupata wali mweupe wenye viungo, na anayechelewa hupata uchungu usioondoka.

Vitunguu vikiwa tayari, hutiwa thomu na tangawizi zilizopondwa, kisha bizari nyembamba, pilipili manga, karafuu, mdalasini na iliki. Nyama hurudishwa, supu humiminwa na mchele uliooshwa hutiwa mwisho.

Maji yanapokaribia kukauka, sufuria hufunikwa na makaa ya moto hupangwa juu ya kifuniko. Huko ndiko kupalia. Mchele hupata joto la juu na la chini, ukaiva bila kukorogwa, kila punje ikisimama peke yake. Pilau iliyopikwa kwa jiko la gesi bila kupaliwa huliwa, lakini mtu aliyekulia pwani huitambua kwa tonge la kwanza.

Nyumbani kazi hiyo ni ya saa mbili hivi. Wakati wa Maulidi ni ya usiku kucha. Ikiwa kilo moja ya mchele huwashibisha watu wanane, basi kuwalisha watu 1,000 mlo mmoja tu kunahitaji kilo 125 za mchele, mbali na nyama, viungo, kuni na maji. Na Maulidi si ya mlo mmoja wala siku moja.

Sehemu kubwa ya vitu hivyo hutokana na michango. Mmoja hutoa gunia la mchele, mwingine mbuzi, mwingine ng'ombe anayevushwa kutoka bara. Asiye na kitu hutoa mikono yake, akapasua kuni au kuteka maji. Wanasiasa nao hutoa, na ukarimu wao huongezeka kadiri uchaguzi unavyokaribia.

Mbali na chakula cha msikitini, kila nyumba huwa na wageni wake. Ndugu waliohamia Mombasa hurudi na watoto, na marafiki wa ndugu hao huja nao. Katika nyumba ya vyumba vitatu utakuta watu 20 wakilala kwenye mikeka hadi juu ya dari.

Mzigo wa haya yote huwaangukia wanawake, na ni vyema hilo lisemwe waziwazi. Wao ndio wanaokuna nazi, kuchambua mchele, kusukuma mahamri alfajiri na kuosha masinia usiku. Wapo wanaomaliza wiki nzima ya sherehe wakiwa wameisikia zefe ikipita tu bila kuiona. Anayeandika kuhusu ukarimu wa Lamu na asiwataje huwa amekula na kusahau kuuliza nani kapika.

Jambo jingine ambalo mgeni anafaa kulifahamu ni kwamba Maulidi hufuata mwezi, na mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Kwa hiyo sherehe huhama majira polepole, na chakula huhama nayo.

Mwaka 2009, kwa mfano, Mfungo Sita uliangukia mwishoni mwa Februari na mwezi wa Machi. Huo ni wakati wa kaskazi. Bahari huwa shwari, wavuvi hufika mbali, na samaki kama nguru na kolekole hupatikana kwa wingi. Samaki wa kupaka, anayechomwa kwa makaa huku akipakwa tui zito la nazi lenye ukwaju na pilipili, huwa hakosekani. Maembe ya mwisho wa msimu pia huwa bado sokoni.

Mwaka 2025 mwezi huo ulianza mwishoni mwa Agosti, ambapo kusi huwa bado inavuma. Mawimbi huwa makubwa nje ya miamba na vyombo vidogo havithubutu kwenda mbali. Hapo mgeni hula nyama zaidi, mbaazi za nazi na papa mkavu. Anayelalamika kwamba hakuona nguru wa kutosha amesahau kuutazama upepo.

Sasa tuje kwenye adabu za sinia, kwani wageni wengi huzikosea kwa kutojua tu.

Viatu huvuliwa mlangoni. Birika na bakuli vitaletwa, na mwenyeji au kijana wa nyumba atakumiminia maji unawe. Mkono wa kulia ndio wa kula, hata kwa anayetumia wa kushoto kuandika. Kula sehemu iliyo mbele yako, usivuke kwenda kuchota upande wa mwenzako. Nyama huwekwa katikati, na si vizuri kuivamia. Mmoja wa walioketi, mara nyingi mkubwa kwa umri, huichambua na kuisukuma mbele ya wengine, na mgeni ndiye anayewekewa kipande kikubwa. Kukikataa ni kumvunja moyo aliyekupa.

Wanaume hula na wanaume na wanawake na wanawake. Wageni waliokuja kama mume na mke watatenganishwa kwa saa moja, na hakuna ubaya wowote uliokusudiwa. Kwa hakika, anayepelekwa upande wa wanawake ndiye anayefaidi zaidi, kwa sababu huko ndiko kuna hina, hadithi na ukoko wa pilau, ile sehemu ya chini iliyokaukia sufuriani ambayo wapishi hujiwekea.

Usitoe pesa baada ya kula. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Chakula hicho kimenuiwa kuwa sadaka, na kukilipia ni kumwambia mwenyeji kwamba hakutoa bali ameuza. Anayetaka kurudisha fadhila hufika na kitu mkononi: sukari, mchele, majani ya chai, tende. Anaweza pia kumwendea anayesimamia michango na kutoa chake kimyakimya, kabla na si baada.

Asiye Mwislamu hukaribishwa katika mengi ya haya. Anachotakiwa ni kuvaa mavazi ya heshima, kutozungukazunguka watu wanaposoma na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Aidha, ajue kwamba wapo Waislamu, hata Lamu kwenyewe, wasiokubaliana na kusherehekea Maulidi na wanaoyaona kuwa uzushi katika dini. Mjadala huo ni wa miaka mingi na una wenyewe. Mgeni aliyealikwa kula hana haja ya kuuanzisha.

Baina ya milo, mji mzima huwa uwanja wa michezo. Vijana hushindana kwa mbio za punda katika barabara ya ufuoni, wakiwapanda bila matandiko na kuwahimiza kwa kelele. Mashua hushindana baharini. Kuna kuogelea, kuvuta kamba, bao na mashindano ya kusoma Kurani.

Katika viwanja karibu na msikiti huchezwa kirumbizi, ngoma ya wanaume wawili wenye fimbo wanaoviziana huku zumari ikilia. Goma nayo ni ya utulivu: wanaume wa makamo waliovaa kanzu na kofia husimama safu wakiwa na bakora na kuyumba taratibu pamoja. Asiyeijua hudhani ngoma bado haijaanza.

Zefe ndiyo kilele. Watu hulizuru kaburi la Habib Swaleh, kisha huandamana kwa matari na kaswida hadi Riyadha. Hakuna chakula kinachouzwa katika zefe, lakini barazani nje ya nyumba huenda ukapewa maji ya ndimu na tende na wazee usiowajua.

Kahawa huwa kila mahali. Ni chungu, hutiwa tangawizi na hunywewa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, pamoja na kashata au kipande cha halua. Utamu hutafunwa, hautiwi kikombeni.

Sherehe ya pili ni Tamasha la Utamaduni la Lamu. Hili lina umri mdogo. Lilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ambapo Shirika la UNESCO liliuorodhesha Mji wa Kale wa Lamu kuwa turathi ya dunia mwaka 2001. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalikuwa na mkono mkubwa katika kuliandaa, na baada ya ugatuzi wa 2013 serikali ya kaunti ikawa mshirika mkuu. Huandaliwa mara nyingi mwishoni mwa mwaka, kwa kalenda ya ofisini.

Mbio za punda na mashua zimo humo pia. Kuna maonyesho ya harusi ya Kiswahili, uchongaji wa milango, ususi wa mikeka na mashairi. Katika uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, vibanda hupangwa na kila mwenye mkono wa kupika huleta alichonacho.

Wapo wanaolibeza tamasha hili wakisema ni maonyesho ya watalii. Mwandishi huyu hakubaliani nao moja kwa moja. Kibanda kina faida ambazo sinia halina. Kwanza, anayepika hulipwa, na kwa kuwa wapishi wengi ni wanawake, pesa hizo huingia mikononi mwao moja kwa moja. Pili, mgeni anaweza kuonja vitu kumi kwa siku moja, jambo ambalo hakuna nyumba inayoweza kulifanya.

Anza na mahamri na mbaazi za nazi asubuhi. Hamri nzuri huwa tupu ndani na hunukia iliki ukiipasua. Iliyolala hujulikana kwa kuwa nzito na yenye mafuta vidoleni. Vitumbua vya mchele pia ni vya asubuhi. Mchana si wakati wa vibanda, kwani mji hulala na hata punda hutafuta kivuli.

Alasiri ni ya viazi karai, vinavyokaangwa ndani ya unga wa rangi ya manjano na kuliwa kwa chatini ya ukwaju. Ni wakati wa sambusa, katlesi, mihogo ya kukaanga iliyopakwa pilipili na ndimu, na mabuyu mekundu yanayowaacha watoto na ndimi za ajabu. Jioni moshi wa mishikaki hutanda na kaimati hutolewa kwenye mafuta na kuvingirishwa katika shira zikiwa bado moto.

Lakini kama kuna kitu kimoja cha kutafutwa, ni mkate wa mofa. Hutengenezwa kwa unga wa mtama au wa mahindi, na hubandikwa kwa mkono kwenye kuta za ndani za tanuri la udongo lililopashwa moto wa kuni. Mpishi huingiza mkono ndani ya joto hilo, akabandika na kuutoa kwa haraka isiyoelezeka. Mkate hutoka ukiwa mgumu kidogo nje na laini ndani, na huliwa kwa mchuzi wa samaki au wa nyama.

Mofa haiwezi kupikwa katika chumba cha kupanga. Inahitaji tanuri, ua wa kuliweka, kuni na majirani wasiolalamikia moshi. Watu wanapohamia nyumba zisizo na ua, mkate huo hauna pa kupikiwa hata kama mpishi yupo na anajua. Katika hali hiyo kibanda cha tamasha huwa si mshindani wa mila bali ndicho kinachompa mpishi sababu ya kuliwasha tanuri.

Hatari iko kwingine. Iko pale ambapo mazoea ya kibanda yanaingia katika karamu. Mgeni aliyezoea kununua hufika Maulidi na kuuliza bei. Akijibiwa mara ya kwanza kwamba ni bure, hucheka. Akija mwaka wa pili na wenzake kumi, mwenyeji anayehangaika na bei ya mchele, mafuta na nazi huanza kujiuliza kwa nini jirani yake anauza na yeye anatoa. Hakuna anayeweza kumlaumu.

Karamu ina hesabu yake. Hudumu kwa sababu anayelishwa leo hulisha kesho, au huchangia, au angalau husaidia kuosha vyombo. Wageni wasiojua hesabu hiyo wakiwa wachache, mji huwabeba. Wakiwa wengi kuliko wenyeji, mji huchoka. Ndiyo sababu adabu zilizotajwa hapo juu si mapambo.

Kuna mahali pengine katika upwani huu ambapo suala hilo la mgeni na chakula limewekwa wazi zaidi. Ni Makunduchi, kusini mwa Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika kila mwishoni mwa Julai.

Hiyo nayo hufuata kalenda ya tatu, si ya mwezi wala ya ofisini. Ni mwaka wa jua wa Waswahili, unaoanza siku ya Nairuzi, jina lenye asili ya Uajemi. Wakulima na mabaharia waliugawa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano zilizosalia wakaziita gatha. Waliitumia kujua lini wapande na lini wasafiri. Mkesha wake huitwa Kibunzi.

Watalii hufika Makunduchi kuwaona wanaume wa pande mbili za mji wakipigana kwa mashina ya migomba, wakimaliza hasira za mwaka, na kibanda cha makuti kikichomwa moto huku wanawake wakiimba. Wengi hupiga picha na kurudi hotelini. Hapo huwa wameikosa nusu ya sherehe, kwa sababu baada ya moto ni kula, na desturi ya Makunduchi ni kwamba siku hiyo kila nyumba inafaa iwe na mgeni. Mwenye nyumba anayekosa mgeni ndiye mwenye huzuni. Anayesita mlangoni akidhani anawasumbua watu huwa amelielewa jambo kinyume.

Katika pwani yetu ya Kenya, Siku ya Mwaka imefifia katika miji mingi. Zamani, katika miji ya kaskazini ikiwamo Lamu, ng'ombe alizungushwa mji mzima kabla ya kuchinjwa na nyama yake kugawiwa watu, ili mji ukingwe na maradhi na balaa. Zungusho hilo liliwahusu wote, wa Mkomani na wa Langoni, kwa kuwa mji uliozungukwa nusu haukuwa umezungukwa.

Kwa anayekusudia kwenda Lamu, mambo machache ya safari. Mabasi kutoka Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha huvukwa kwa boti. Ndege hutua Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari. Wakati wa Maulidi nyumba za wageni hujaa mapema, na aliye na rafiki wa rafiki mwenye jamaa Lamu hafai kuona haya kumpigia simu.

Tarehe za Maulidi huthibitishwa na mwandamo wa mwezi, kwa hivyo asiyetaka kukosea aulize Mfungo Sita unapoandama na asitegemee kalenda ya ukutani pekee. Tarehe za tamasha hutangazwa na waandalizi, na zimewahi kusogezwa, basi nazo ziulizwe.

Wakati wa kurudi, nunua halua kwa anayeipika mwenyewe. Wanga, sukari, samli na iliki hukorogwa kwa saa kadhaa bila kupumzishwa, na ukiiomba utapewa kipande uonje kabla ya kupimiwa. Hustahimili safari ndefu bila kuharibika, sawa na achari ya ndimu au ya maembe iliyofungwa vizuri. Mofa usiibebe. Kufikia Malindi itakuwa imekauka kama kigae, na walio nyumbani hawataamini uliyowasimulia.